Kugandisha neva ya kisogoni kwa kichwa kisichokwisha: jibu kwa dada wa Langoni

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Lamu, mtaa wa Langoni, miaka 39, mama wa watoto watatu, kazi yake kushona. Nimelifupisha kidogo:

"Assalaam aleikum daktari. Kitwa chaniuma huu mwaka wa nne. Chaanzia kisogoni upande wa kulia kikipanda mpaka jito. Siku nyengine chapiga kama ngoma, natapika, mwangaza wa bahari siutaki kabisa, nafunga madirisha nalala siku mbili. Siku zilizobaki ni uzito tu lakini hauondoki. Nameza vidonge vya maumivu asubuhi na jioni kila siku, bila hivo sishoni. Kakangu yuko Dubai amenitumia video ya Marekani, daktari amdunga mtu sindano ya baridi kisogoni agandisha mshipa, mgonjwa ainuka acheka. Kaka asema atanitafutia mahali, na mimi niko tayari kuuza dhahabu zangu za harusi. Je hii kitu ni kweli? Na yanifaa?"

Wa aleikum salaam dadangu, na pole sana. Miaka minne na kichwa si mchezo na bado kila siku uko kwa cherehani unashona nguo za watu. Umeandika "kitwa" na "jito" nikamkumbuka marehemu mamangu, naye alikuwa mtu wa Lamu na kichwa kilimtesa umri wake wote, alikuwa akijifunga leso kichwani akaikaza mpaka alama inabaki kwenye kipaji na sisi watoto tunaambiwa tutoke nje tusipige kelele, mama ana kipandauso. Kwa hivo nivumilie, hili jibu litakuwa refu.

La haraka kwanza ili usikae na roho juu: ni kweli, matibabu hayo yapo na wako watu yamewasaidia. Lakini dhahabu usiuze. Kuna mambo mawili ya kufanya kabla ya kufikiria hiyo sindano, yote mawili hayahitaji kuuza hata kipini, na nikisoma vile ulivyojieleza naona uwezekano mkubwa hayo mawili yakakutoa hapo ulipo bila kugandishwa kitu. Ntaeleza kwa nini.

Tuanze na hio baridi manake ndio imekuvutia. Si kitu cha juzi. Mwaka 1807 daktari wa upasuaji wa jeshi la Napoleon, Larrey, aliona askari aliowakata miguu kwenye theluji hawasikii uchungu kama wengine. Halafu 1851 huko Uingereza daktari James Arnott akawa anaponda barafu anaichanganya na chumvi anaiweka pale panapouma, na kati ya aliowatibu walikuwemo wagonjwa wa kichwa na wa neva za uso. Mvuvi yeyote hapo Lamu hatashangaa, ukiitia barafu ya samaki chumvi inazidi ukali, Arnott aliweza kushuka mpaka kama nyuzi 24 chini ya sifuri. Mambo yakalala miaka mingi mpaka 1961 Irving Cooper wa New York akaja na sindano ya naitrojeni ya maji, hio ni nyuzi 196 chini ya sifuri, na 1976 Uingereza tena, Lloyd na wenzake wakaandika kwamba ukigandisha neva maumivu yanakatika kwa muda mrefu, wao ndio walioipa hii kazi jina lake. Kwa hivo anayekwambia ni uvumbuzi mpya wa mwaka huu ujue anakuuzia.

Mashine za sai hazitumii barafu, zinatumia gesi, mara nyingi naitrasi oksaidi, ile ile gesi tunayoitumia thieta kwa ganzi, au kabonidioksaidi. Gesi inasukumwa kwa presha kubwa ndani ya kijibomba chembamba kilichoko ndani ya sindano, ikifika nchani inapata nafasi inatanuka ghafla, na gesi ikitanuka ghafla inapoa sana. Ukiachilia upepo wa gurudumu la baiskeli ukashika pale valvu utahisi baridi, ndio hio hio kanuni ila hapa inafika kama nyuzi 70 chini ya sifuri. Gesi inarudi ilikotoka, haiingii mwilini. Kwenye ncha panaota kidonge cha barafu cha milimita chache tu, hicho ndicho kinachokumbatia neva.

Sasa neva ikigandishwa inakuwaje, hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa na video haisemi. Fikiria waya wa stima ulio ndani ya paipu ukutani. Baridi ya kiasi hicho inaharibu waya wa ndani, yaani ule uzi unaobeba habari ya maumivu unakufa kuanzia pale palipogandishwa kwenda mbele, lakini paipu, ule utando unaoizunguka neva, unabaki mzima. Na kwa sababu paipu iko, uzi mpya unamea taratibu kupitia njia ile ile, kama milimita moja au mbili kwa siku, mpaka ufike ulikokuwa. Ukifika, hisia zinarudi, na kama kilichokuwa kinaleta maumivu bado kipo basi na maumivu yanaweza kurudi. Hii ndio faida yake na ndio upungufu wake kwa pamoja. Faida ni kwamba ni salama kuliko kuikata neva kwa kisu au kuiunguza kwa moto, sababu ukikata, neva inaweza kumea ovyo ikatengeneza kifundo chenye uchungu kuliko wa mwanzo. Upungufu ni kwamba ni dawa ya muda, wiki kadhaa au miezi, halafu inabidi urudi tena na ulipe tena. Ukishuka baridi zaidi, huko kupita nyuzi 100 chini ya sifuri hivi, na paipu nayo inaharibika, ndio maana ile naitrojeni ya maji ya Cooper haifai kwa kazi hii.

Kufanyiwa kwenyewe si kupasuliwa kichwa, usiogope. Unalala kifudifudi au unakaa umeegemeza paji la uso, unapigwa sindano ya ganzi kwenye ngozi ya kisogo, daktari anaangalia kwa ultrasaundi anapitisha sindano nene kidogo mpaka karibu na neva. Mashine nzuri ina kistimulio kidogo cha umeme, anakiwasha anakuuliza unahisi wapi, ukisema naam hapo hapo panaponiuma basi amefika. Anagandisha dakika mbili hivi, anaacha iyeyuke, anarudia mara mbili tatu. Unaenda nyumbani siku hio hio. Baadaye kisogo kinakufa ganzi, ukichana nywele unahisi kama kichwa cha mtu mwengine, hio ni kawaida. Hatari zipo: kuvuja damu, uchafu kuingia, maumivu ya kuwasha kwa siku kadhaa, na kama barafu imekaribia ngozi inaweza kuungua kwa baridi, nywele zikatoka pale na ngozi ikabaki na doa jeupe, na kwa ngozi zetu hilo doa linaonekana. Anayekunywa dawa za kufanya damu iwe nyepesi lazima aseme kabla, na mwenye mwili unaofura au kuwa na vipele akiguswa na baridi huyo hafai kabisa.

Haya. Swali lako la pili ndilo zito, je yanifaa.

Kugandisha kunafaa pale maumivu yanapotoka kwenye neva moja inayojulikana. Neva inayogandishwa kisogoni inaitwa neva kubwa ya kisogo, inatoka kwenye uti wa shingo juu kabisa, kati ya mfupa wa kwanza na wa pili, inatoboa misuli ya shingo inapanda utosini. Ikiwa hio yenyewe ndio mgonjwa, maumivu yake yana sura yake: yanachoma kama shoti ya stima, sekunde chache au dakika chache, yanakuja yanaondoka, ngozi ya kichwa inakuwa na uchungu hata kuweka mtandio huwezi, na daktari akibonyeza hapo kisogoni unaruka. Hao ndio wanaofaidika zaidi. Wako pia wenye kichwa kinachotokana na shingo yenyewe, tuseme aliwahi kuanguka au kugongwa. Na wako wale wa maumivu ya jicho moja yanayokuja kwa mafungu, robo saa mpaka saa tatu, jicho linatoa machozi pua inachuruzika upande huo, mtu anatembea chumbani hawezi kukaa, hao wamejaribiwa kugandishwa fundo la neva lililo nyuma ya pua, lakini wengi wao wakipewa oksijeni ya mask kwa kasi, lita 12 mpaka 15 kwa dakika, wanatulia kwa robo saa, na oksijeni hospitali iko. Nasema hili manake huenda kuna mwengine anasoma na hio ndio shida yake.

Wewe dadangu hukuelezea shoti. Umeelezea kupiga kama ngoma, upande mmoja, kutapika, kuchukia mwangaza, kulala siku mbili. Hicho ni kipandauso, wazungu wanakiita maigreini, na kikiachwa bila dawa huchukua saa 4 mpaka 72. Najua utasema lakini kinaanzia kisogoni! Ni kweli, na si wewe peke yako, wenye kipandauso wengi sana shingo inawauma. Sababu ni kwamba neva za kisogo na neva za uso na jicho zote zinaingia sehemu moja kwenye uti wa mgongo hapo juu shingoni, kama vichochoro viwili vya Langoni vinavyotokea kwenye baraza moja, aliyekaa barazani akisikia kelele hajui imetokea kichochoro gani. Ubongo ndio huyo aliyekaa barazani. Shingo ikisema, wewe unasikia jicho, na jicho likisema unasikia shingo. Kwa hivo kisogo kuuma peke yake hakuthibitishi kwamba neva ya kisogo ndio mwenye makosa, na mtu akikugandisha kwa hilo tu atakuwa amebahatisha kwa dhahabu zako.

Na ushahidi wa kisayansi nao usidhani ni mlima. Utafiti mwingi wa kugandisha kwa ajili ya kichwa ni wa watu wachache, mara nyingi madaktari wanaangalia tu faili za wagonjwa wao waliopita. Ulio mzuri ni ule wa Norway uliotoka 2019, watu 52 wenye kichwa kinachotokana na shingo, wengine waligandishwa neva ya kisogo wengine wakapigwa sindano ya kawaida ya ganzi na steroidi, na wagonjwa hawakujua nani kapewa nini. Makundi yote mawili yalipata nafuu, maumivu yalipungua kama nusu, na tofauti kubwa kati yao haikuonekana, halafu baada ya wiki sita saba nafuu ikaanza kushuka. Hebu lisome hilo tena: sindano ya kawaida ambayo hata hospitali ya hapa kwetu inaweza kupiga ilifanya kazi sawa na mashine ya bei kubwa.

Sasa nije kwenye lile lililonishtua kwenye barua yako, na uliliandika haraka haraka kama jambo dogo. Vidonge asubuhi na jioni kila siku.

Dadangu, vidonge vya maumivu vikizidi vyenyewe huleta kichwa. Najua inasikika kama kichekesho, dawa ya kichwa ilete kichwa, lakini ni ugonjwa unaojulikana duniani kote na una vipimo vyake: ukimeza dawa za kawaida kama panadol, brufen au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za mchanganyiko zenye kafeini, au zenye kodini, siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu, na wewe ni mtu wa kipandauso, ubongo unazoea, ukikosa dawa saa chache unalia, unaupa, unanyamaza, unalia tena. Huo uzito wa siku zote usioondoka, unaoamka nao asubuhi, ni sura yake kabisa. Wewe unahesabu siku 30 kwa mwezi. Na mtu akiwa katika hali hii karibu kila matibabu mengine yanakuwa dhaifu.

Nina mgonjwa mmoja, nahodha, ntamsema bila jina wala mji wake. Aliuza injini ya boti akasafiri nje akagandishwa, hospitali siitaji, walimpokea vizuri wakamfanyia vizuri, lakini hakuna mtu hata mmoja kule aliyemuuliza kwa siku anameza nini. Alirudi anacheka kweli kama kwenye video. Mwezi wa tatu kichwa kikarudi chote. Alipokuja kwangu nikamwambia toa vilivyo mfukoni, akatoa karatasi tatu za vidonge, anameza sita kwa siku tangu miaka mitano. Tulikaa naye miezi minne kumtoa huko. Leo anapata kipandauso mara mbili kwa mwezi na anarudi baharini, ila boti anaisukuma kwa injini ya kukodi na hilo linaniuma mpaka leo. Ndio maana nimekazana hivi juu ya dhahabu yako.

Kwa hivo jambo la kwanza. Chukua daftari la shule la mtoto, kila siku andika kichwa kimeuma ama la, kwa kiasi gani kati ya kumi, kimechukua muda gani, umemeza nini na ngapi, hedhi iko lini, umelala vipi. Fanya wiki mbili bila kubadilisha kitu. Nenda nalo kwa daktari hapo hospitali ya kaunti, apime presha, akuangalie macho kwa ndani, akushike shingo, na mpange siku ya kuacha vidonge. Panadol na brufen unaweza kuacha siku moja bila kupunguza pole pole, lakini kama kwenye vyako kuna kodini au dawa ya usingizi usiache ghafla, upunguziwe na daktari, kwa hivo peleka makaratasi yake ayaone. Ukiacha, siku mbili mpaka kumi za mwanzo kichwa kitakuja kwa hasira, lazima nikuambie ukweli, utatapika utalia utasema daktari wa Malindi kaniponza. Chagua wakati ambao hakuna harusi ya kushonea wala sikukuu, mwambie mamako au dadako akae na watoto. Baada ya hapo kinaanza kulegea, na wengi ndani ya miezi miwili wanajiona watu wengine. Na kahawa tungu pia iangalie, kama unakunywa vikombe vingi punguza kidogo kidogo, wewe mwenyewe unajua zile siku za mwanzo za Ramadhani vichwa vinavyouma mji mzima, nyingi ni kahawa iliyokatika ghafla.

Wakati huo huo daktari akuanzishe dawa ya kujikinga, hii ni tofauti na ya kutuliza, inamezwa kila siku iwe kinauma au hakiumi ili siku za kipandauso zipungue. Kuna amitriptilini, inaanza na miligramu 10 usiku, inakausha mdomo na kuleta usingizi lakini ni rahisi. Kuna propranolo, ila mwenye pumu asiguse. Kuna valproeti ambayo kwa mwanamke anayeweza kushika mimba mimi siiandiki, inaharibu mtoto tumboni. Hizi zote zinataka wiki sita mpaka nane ndio useme zimefaa au hazikufaa, na hapa ndipo watu wanapokata tamaa wiki ya pili wakatupa. Na kama unatumia vidonge vya kupanga uzazi sema ni vipi, manake wanaoona vimulimuli au mistari ya mwanga kabla ya kichwa kuanza hawatakiwi kutumia vile vyenye estrojeni, vinaongeza hatari ya kiharusi.

Jambo la pili ni sindano ya majaribio. Baada ya vidonge kutoka, kama kisogo bado kinasumbua, daktari anayejua anapima kutoka kile kifundo cha mfupa cha katikati ya kisogo kwenda mfupa wa nyuma ya sikio, kwenye theluthi ya kwanza hapo neva inapita, anapiga mililita mbili tatu za ganzi. Dakika chache tu ngozi ya kichwa inakufa ganzi. Ukiamka ukasema maumivu yote yamekwenda, na ikarudiwa siku nyengine ikawa vile vile, hapo sasa neva ya kisogo inashukiwa kwa haki na mazungumzo ya kugandisha yana msingi. Ikiwa kisogo kimekufa ganzi kabisa na jicho bado linapiga, basi kugandisha neva ile hakutafanya kitu na umeokoa mali yako. Hata hivo ujue sindano hii inaweza kumsaidia mwenye kipandauso cha kawaida pia, ndio maana nataka ifanywe mara mbili na usikilizwe vizuri, na kwa wengine sindano yenyewe inatosha, wanarudi baada ya miezi wanapigwa tena na maisha yanakwenda. Mimi huipiga hapa Malindi karibu kila wiki. Mtu yeyote anayekwambia njoo moja kwa moja tukugandishe bila kukupiga sindano ya majaribio, hata awe na hospitali ya vioo ghorofa kumi, muage.

Kakako wa Dubai anakupenda na nia yake ni njema, mwonyeshe hili jibu. Kama baada ya haya yote bado anataka kutoa msaada, huko aliko kuna sindano za botoksi kwa kipandauso sugu, zilipitishwa Marekani 2010 kwa kazi hio, zinapigwa sehemu 31 za kichwa na shingo kila wiki 12, zina ushahidi mkubwa kuliko kugandisha. Na kuanzia 2018 zimetoka sindano za kila mwezi za kuzuia kemikali inayowasha kipandauso, ghali lakini zinafanya kazi. Hizo nazo ni baadaye.

Baridi ya nyumbani nayo usiidharau. Chukua barafu ya dukani, ifunge kwenye kitambaa, weka pembeni mwa shingo pande zote mbili pale mishipa mikubwa ya damu inapopiga, au kisogoni, dakika kumi hivi mara tu kichwa kinapoanza. Imefanyiwa utafiti na inapunguza, haiponyi lakini inapunguza. Usitie chumvi! Yale ya Arnott mwachie Arnott, chumvi na barafu juu ya ngozi inaunguza. Kuhusu chuku uliyoniuliza mwisho wa barua, ati mama mkwe anataka uumikwe kisogoni, sina ugomvi na mama mkwe, ila vifaa viwe vipya vya mtu mmoja na usiumikwe siku unayopigwa sindano.

Kuna dalili ambazo ukiziona usingoje daftari wala mimi, nenda hospitali siku hio hio: kichwa kilicholipuka ghafla kikafika kilele ndani ya dakika moja na hujawahi kuona mfano wake, kichwa na homa na shingo imekakamaa, mkono au mguu umelegea au mdomo umepinda, kifafa, macho kupotea, au kichwa kikali ukiwa na mimba na uso umevimba. Na mtu aliyepita miaka 50 ambaye kichwa hakikuwa kawaida yake na sasa kimeanza, huyo apimwe haraka.

Ukija Malindi, boti ya asubuhi mpaka Mokowe halafu basi la Witu na Garsen linafika kabla ya adhuhuri ukipata la mapema, njoo na daftari, makaratasi ya vidonge vyote hata vile vya kununua dukani unavyoona aibu kuvionyesha, dawa za miti pia kama zipo, na miwani ya jua manake najua mwangaza wa njiani utakuumiza. Usije na njaa. Njoo na mtu wa kurudi naye, manake nikikupiga sindano sitaki upande boti peke yako na kichwa chenye ganzi. Na kabla ya hapo, kesho asubuhi, kabla hujameza cha kwanza, andika tarehe kwenye daftari.